Soksi Ndani ya Darubini

Watu wa makontena wana sheria moja isiyoandikwa popote, na Shamsia aliishika kuliko wote: hewa haisafirishwi. Meli inakutoza nafasi, haikuulizi ndani ya nafasi umetia nini. Basi sufuria hutiwa vijiko, friji hushindiliwa suruali za jinzi mpaka mlango ugome kufunga, na birika la chai, hata liwe dogo vipi, halitoki Guangzhou bila ya kutiwa vibanio vya nywele tumboni. Wanaume walimcheka, kisha wakamwiga. Abdulwakil, wakala wa makontena, mtoto wa Mlandege kule Unguja, alikuwa akisema ukimwacha Shamsia na jagi tupu kwa muda mrefu utajikuta na wewe umo ndani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata akiwa amewahi. Asubuhi ungemkuta Guangyuan Xilu, kwenye majumba ya nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, akipenya baina ya wachukuzi na marobota yao, mkono ukipapasa kitambaa huku uso umegeukia kwingine ili muuzaji asijue kapenda nini. Kichina chake kilikuwa cha maneno matatu. Laoban, alimwita kila mwenye duka, awe tajiri kweli au binti aliyeshikishwa duka na mamake. Tai gui, ghali mno, hata kabla bei haijatajwa. Na bu yao, sitaki, huku anaondoka taratibu, sikio kaliacha nyuma. Kwa maneno hayo alijenga nyumba kwao Unguja, Mwanakwerekwe, akamsomesha mwanawe Marijani, na vigae akatia mpaka chooni.

Ndani ya nyumba ile ya vigae alikaa mumewe, Abubakary. Huyu alikuwa mwalimu wa fizikia, tena si mwalimu wa kubahatisha. Watoto wa watu wamekuwa marubani kwa chaki yake. Kisha vespa ikateleza, nyonga ikavunjika, ikaungwa vibaya, akastaafu kabla ya wakati wake. Hapo ndipo Shamsia, aliyekuwa akiuza vitenge barazani kwa wanawake wenzake, alipopanda ndege. Mwanzoni mume alimngoja kwa hamu. Baadaye kwa subira. Halafu ikawa akipigiwa simu anasema, "Salama. Sote wazima. Mzigo umefika. Haya." Na ile "haya" yake ikawa inakuja mapema zaidi kila simu. Mtaani hakuitwa tena Mwalimu, aliitwa mume wa Shamsia wa China. Hebu jaribu wewe kuitwa hivyo kila ukienda kununua mkate, uone.

Naye Shamsia alimpenda. Tusizungukezunguke, alimpenda kwa yale mapenzi ya kijinga ya mtu mzima, ya kumwona mwanamume mwenye kanzu ya kijivu kwenye umati wa Wachina na moyo ukaruka, wakati anajua fika mwenye kanzu ile yuko Unguja.

Siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, akapigiwa simu na wifi yake, Mwanahija, mtu asiyejua kupaka maneno asali.

"Wifi, nakwambia usije ukasema hukuambiwa. Kaka anarudi kwetu Wete. Idi ikipita tu, anavuka kwenda Pemba."

"Anakwenda kutembea?"

"Anakwenda kukaa. Mtu akikwambia nakwenda kukaa kwetu, na mkewe anaye, unataka akufasirie nini tena?"

Shamsia alikata simu akakaa juu ya robota la magauni, katikati ya njia, wachukuzi wakimpigia kelele apishe. Hakuwasikia. Alikuwa anakumbuka fungate yao, usiku umeme ulipokatika mji mzima, na yeye peke yake katika Unguja nzima akashukuru. Walipanda juu ya paa la nyumba ya babake, na Abubakary akawa anamtajia nyota kama anayemtambulisha kwa jamaa zake: ile Zuhura, ile Zuhali, na ile yenye mwanga mtulivu ni Mushtari. "Mushtari ina miezi yake," alimwambia. "Jicho tupu haliioni. Kwa darubini ya vioo unaiona, imejipanga pembeni yake. Inshallah iko siku." Siku ile haikuja. Ikaja mitihani, akaja mtoto, ikaja vespa.

Basi mwanamke akainuka, akaenda duka moja la vyombo vya macho alilokuwa akilipita kila siku bila ya kuligeukia. Dirishani kulikuwa na bomba jeupe, nene kama ndoo, refu kiasi cha kumfika kifuani. Akaingia, akalionesha kwa kidole, akalipa. Hakusema tai gui. Laoban aliduwaa, nadhani ndiye pekee katika mji ule aliyewahi kununuliwa kitu na Shamsia bila ya kutukaniwa bei.

Sasa sikiliza alichokifanya. Mazoea yana taabu. Siku ya kupakia, godauni lina joto, kontena limefunguliwa mdomo, Abdulwakil anapiga kelele magari yanangoja kwenda bandari ya Huangpu. Shamsia, ambaye tangu alfajiri mikono yake imekuwa ikishindilia, akafika kwenye lile bomba. Juu wazi, ndani patupu. Hewa tele! Kichwa chake kilikuwa Wete, kinabishana na mume. Mikono ikafanya yenyewe. Ikachukua soksi za watoto wachanga, fungu kwa fungu, ikazitia. Zikakwama juu kidogo, penye kidude kilichoshikwa na vibati vyembamba. Akazisukuma kwa kiganja. Kidude kikalia kwa ndani, soksi zikapita, mambo yakaenda.

Kontena likajaa. Lilijaa mpaka mlango ulifungwa na wanaume wanne wakiuegemea, na bomba likabaki chini peke yake.

"Litakwenda na kontena lijalo," akasema Abdulwakil. Shamsia akalibeba mpaka chumbani kwake, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja mtaa wa Xiaobei, akilikumbatia kama anayehama na godoro.

Chumba cha pili yake alikaa Odette, mwanamke wa Lubumbashi, Mkristo wa kwaya, mnunuzi wa blauzi za kike kule soko la Shisanhang. Walikuwa marafiki wa kugombana: yule akisema Kiswahili cha Shamsia ni cha msikitini, huyu akisema cha Odette kimevunjika mguu. Odette ndiye aliyeingiza mkono ndani ya bomba, akatoa soksi moja ya rangi ya waridi, akaitazama pande zote.

"Mama Shamsia, minakuuliza kwa heshima. Hizi soksi, ni za mwezi ama ni za nyota?"

Shamsia akashika mdomo.

Walizitoa zote. Jioni, baada ya futari, wakalipandisha bomba juu ya paa, wakalielekeza kwenye taa nyekundu ya mnara wa mbali, wakachungulia kwa zamu. Taa haikuwa taa. Ilikuwa uji, uji mwekundu uliomwagika upande mmoja. Odette akazungusha skrubu moja ya nyuma, uji ukazidi kumwagika. Wakazungusha nyingine, hata uji wenyewe ukapotea. Kesho yake Shamsia akalirudisha dukani. Laoban akainama, akachungulia ndani, akaikuta soksi iliyosahauliwa, akaitoa kwa ncha za vidole na kumkabidhi mwenyewe. Bu yao, akasema. Neno lake mwenyewe Shamsia, leo amelipata usoni.

Katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu wa kumuuliza, na ndiye mtu yule ambaye alitaka kumfikishia zawadi nzima, yenye kung'aa, ili abaki. Alilala nalo jambo hili. Akimwambia, zawadi imekwisha kabla ya kufika, na juu yake atakuwa mjinga aliyeshindilia soksi ndani ya elimu ya watu. Asipomwambia, atampelekea bomba la uji. Mficha uchi hazai. Jioni iliyofuata, ya huku, ambayo kwa Unguja ni mchana baada ya adhuhuri, akakwangua kadi ya simu akapiga.

"Assalamu alaikum, Mwalimu."

Alizoea kumwita Baba Marijani.

"Waalaikumu salam. Sote wazima. Ha..."

"Usiseme haya! Nina swali. Kuna kitu nimekiharibu."

"Muulize Abdulwakil."

"Abdulwakil hakijui. Ni darubini. Ya nyota, ya vioo viwili, kikubwa chini na kidogo juu kimelala mshazari."

Dakika za kadi zikawa zinakwisha.

"Imeharibikaje?"

"Nimeitia soksi."

"Umeitia nini?"

"Soksi, Baba Marijani. Za watoto. Ilikuwa tupu ndani!"

Akasikia sauti ya ajabu. Kwanza alidhani anakohoa, halafu akaogopa kuwa analia, kumbe Abubakary alikuwa anacheka, na amefunga, na koo limekauka, na hawezi kujizuia. Shamsia alikuwa hajaisikia sauti ile tangu siku za vespa. Akaegemea ukuta wa paa, machozi yakamtoka, na yeye mwenyewe anacheka.

Hivyo ndivyo lilivyoanza darasa. Kila jioni, Ramadhani ile iliyotangulia Olimpiki ya Beijing, Shamsia alifuturu tende na uji wa Odette, ambaye hakufunga lakini alipika, kisha wakapanda juu mbingu ingali ina mwanga. Mwalimu alitaka mwanga huo. Alimwagiza atafute kikopo cha filamu ya kamera, akitoboe katikati ya kitako kwa sindano, akiingize pale panapochunguliwa, ili jicho likae mahali pamoja lisitangetange.

"Chungulia. Usiguse kitu. Niambie unaona nini."

"Naona duara. Ndani yake duara jingine. Ndani yake jicho langu."

"Lile la kwanza, la kioo kidogo, limekaa katikati ya shimo?"

"Limeegemea upande mmoja, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba."

"Hilo ndilo ulilolisukuma kwa soksi zako. Lina skrubu tatu ndogo kichwani. Legeza moja, kaza iliyo kinyume chake. Nusu ya nusu mzunguko, Mama Marijani, si kama unafunga robota!"

Alikuwa mkali. Alikuwa mkali vile alivyokuwa zamani, wanafunzi walipokimbilia jibu kabla ya kusoma swali, na Shamsia aligombezwa kila jioni akashuka ngazi ana furaha ya kipumbavu. Kioo kidogo kilipokaa sawa, wakahamia kikubwa, na hicho kilimtaka mtu mmoja mbele anayechungulia na mwingine nyuma anayezungusha, kwani mkono wa anayechungulia haufiki. Odette akalala chali juu ya kanga, nyuma ya bomba.

"Kulia," akasema Shamsia. "Si huko, kulia!"

"Niko nazungusha kulia!"

"Kulia kwangu!"

"Mon Dieu, mu hii chombo kuko kulia ngapi?"

Na Unguja mtu akacheka tena.

Siku zikawa laini, zinaingiana. Saumu, joto na ukungu wa mji ule vilimfanya Shamsia atembee kama aliyelala macho wazi. Guangyuan Xilu aliona maduara kila mahali: bangili ndani ya bangili, maringi ya vitambaa, tairi za mikokoteni, sahani zilizopangwa dirishani, na kila alilolitazama alitaka kulisogeza kidogo mpaka likae katikati. Alisahau kupatana bei. Mara moja alisimama mbele ya mizani ya muuza machungwa, akawa anaingoja itulie, mpaka muuzaji akamtilia chungwa mkononi bure ili aondoke. Jioni juu ya paa nguo za majirani zilikuwa zimeanikwa bila ya kutikisika, treni zililia kule stesheni, na sauti ya Abubakary ikaja kutoka mahali ambako bado ni mchana. Ilikuwa kama anaongea naye kutoka siku nyingine, yenye jua zaidi.

Jioni moja, walipokwisha na skrubu, hakusema haya. Alisema, "Umefuturu nini leo?"

Shamsia alimjibu vizuri, tende, uji, sambusa mbili. Halafu akakata simu akakaa juu ya kanga ya Odette. Miaka yote ile hakumuuliza amekula nini.

Lakini la Wete hakulitaja yeye, wala mume hakulitaja, na Idi ilikuwa inakuja.

Usiku wa kumi na tano wa Wachina, ule wa sikukuu yao ya mwezi, uliangukia katikati ya Ramadhani. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima ya jana yake, na mbingu, ambayo mwaka mzima huwa na rangi ya maji ya mchele, ilitoka safi. Jua lilipotua, jengo zima likahamia juu: watoto na taa za karatasi, wazee na viti vyao, na Ayi wa ghorofa ya chini, bibi mwenye kuotesha maua, akigawa keki za mwezi. Shamsia alimwuliza kwa mikono kama ndani mna mafuta ya nguruwe. Ayi akafikiri, akairudisha keki sahanini, akampa balungi zima badala yake. Mwezi ulitoka nyuma ya maghorofa, mkubwa, wa manjano, na watu wote juu ya mapaa yote wakafanya "aaa" kwa pamoja.

"Mwezi uache kwanza," akasema Abubakary simuni. "Mpe mwezi mgongo. Tazama kusini magharibi, juu kidogo ya nyumba. Kuna nyota tulivu, haipepesi. Unaiona?"

"Naiona."

"Ifukuze."

Ilimchukua muda. Nyota ilikuwa ikimkimbia, akienda kulia inakwenda kushoto. Mwishowe ikaingia, ikawa pete ya mwanga yenye tundu.

"Tundu liko katikati ya pete?"

"Limesogea. Kidogo sana."

"Odette, mama, uko tayari?" akauliza Mwalimu, simu imefunguliwa sauti.

"Niko chini, Professeur," akaitika Odette kutoka kwenye kanga.

Akazungusha kama anayemgusa mtoto aliyelala. Tundu likasogea, likakaa. Shamsia akavuta pumzi, akazungusha kifundo cha kukazia picha, na pete ikajikunja, ikajikunja, ikawa kitufe kidogo cheupe chenye ukingo safi. Na pembeni yake, kwenye mstari mmoja ulionyooka, punje nne za mwanga. Tatu upande huu. Moja upande ule.

Jicho akalibakisha pale pale.

"Shamsia? Unaona nini?"

"Iko minne," akasema. "Abubakary, iko minne. Imejipanga."

"Rudia."

Akarudia. Akamweleza umbali wa kila punje, ipi ina nguvu na ipi dhaifu, na jinsi zilivyokuwa zikielea taratibu kuvuka duara ikabidi azifuate. Akamweleza yote mpaka maneno yakamwishia.

"Nimeichora ubaoni maisha yangu yote," akasema Abubakary. "Kioo kikubwa, kioo kidogo, mistari ya mwanga. Wanafunzi walikuwa wakiniuliza, mwalimu, wewe uliwahi kuona? Nikiwajibu, fungeni madaftari."

"Hukuona?"

"Sijapata kushika darubini hata siku moja, Shamsia. Yote haya nilikuwa nakupa kutoka kichwani. Kila jioni nilikuwa naogopa nitakosea, na wewe utajua kuwa mumeo ni wa chaki tu."

Taa za karatasi zilikuwa zikipita nyuma yake. Shamsia akaona kuwa asipouliza sasa hatauliza tena.

"Mwanahija kaniambia unarudi Wete."

"Ni kweli."

"Umenichoka?"

"Nimejichoka mimi. Kila nikigusacho nyumba hii umekileta wewe. Nilikuwa nakaa humu kama mgeni ambaye watu wanaona haya kumuuliza ataondoka lini."

"Hiki nilikinunua ili usiende!" Sauti ilimpasuka, Ayi akageuka kumtazama. "Nilitaka kikufikie kizima, Mwalimu, nikakitia soksi kwa sababu nilikuwa nakufikiria wewe!"

Abubakary hakucheka safari hii.

"Usikipakie," akasema.

"Hukitaki?"

"Nisikilize. Kikipanda meli kitapinda tena. Meli zinatikisa. Kikifika huku mimi nitachungulia na nani azungushe? Hii kazi haifanywi na mtu mmoja, umeona mwenyewe. Nitafutie njia nije mimi huko."

"Na nyonga yako?"

"Nyonga haimzuii mtu kukaa kwenye kiti cha ndege."

"Na Wete?"

"Wete haina darubini."

"Na miye je?" akauliza Odette kutoka chini, ambaye alikuwa amesikia kila neno na hakuona haya. "Kazi yangu imekwisha?"

Shamsia alikuwa amelishika bomba kwa mikono yote miwili lisisogee, simu kaibana baina ya shavu na bega, na kule Unguja, mchana, mwanamume wa fungate yake alikuwa anangoja.

"Njoo," akasema.